Malimbuko ya Tomate

Katika somo la leksikografia mwaka jana tulikutana na kitenzi ambacho sikuwahi kukisikia kinywani mwa mtu yeyote wa Lubumbashi: kulimbuka. Maana yake ni kuonja kwa mara ya kwanza mavuno mapya ya msimu. Nomino yake, malimbuko, sote tunaijua, ila tunaijua kutoka kanisani, na kanisani siku hizi malimbuko hayana tena majani wala udongo. Ni noti ndani ya bahasha. Kitenzi chenyewe nilikiandika pembeni ya daftari nikaendelea na mengine. Kilinirudia mwezi wa saba, tomate za lupango letu zilipoanza kubadilika rangi, wiki ileile niliyokuwa natafuta pesa za kujiandikisha kwenye mitihani.

Nasema tomate na nitaendelea kusema tomate. Najua walimu wetu wanasubiri niandike nyanya. Nyanya ni neno zuri, na wenzetu wa Bukavu na Goma wanalitumia kila siku. Zanzibar wana lao jingine, tungule. Lakini tomate yetu imetoka kwa Wafaransa, ambao waliipata kwa Wahispania, ambao waliichukua kwa wasemaji wa Kinahuatl huko Mexico, waliokuwa wakiliita tunda hili tomatl. Mama anayeita "tomate!" pale soko la Mzee yuko karibu zaidi na wakulima wa kwanza wa mmea huu kuliko sisi na kamusi zetu. Hilo naliweka hapa kwa faida ya wale wanaopenda kutusahihisha.

Lupango letu liko upande wa komini Annexe, mahali ambapo nyumba zinaanza kuachana na mtu anaweza kuwa na kisima chake na matuta machache nyuma ya jiko. Mama hupanda tomate mara moja tu kwa mwaka. Wakati wa mvua hataki hata kujaribu. Ukungu huingia kwenye majani, madoa ya kahawia yanasambaa kwa siku chache, tunda linaoza likiwa bado la kijani, na anayetaka kuliokoa lazima anunue dawa tena na tena kwa sababu kila mvua kubwa inaiosha. Ndiyo maana mwezi wa kwanza unakuta sokoni tomate nne ndogo zinaitwa fungu. Mama husia mbegu mwisho wa mwezi wa tatu, mvua zikiwa zinaaga, na baada ya wiki nne au tano huhamisha miche. Kuanzia hapo kila kitu ni mgongo wake na migongo yetu: bido za maji asubuhi, bido za maji jioni, mbolea ya kuku iliyokaa mpaka ikapoa, matete ya kuegemezea kila mti, na kuvunja vichipukizi vinavyoota kwapani mwa majani.

Kazi hiyo ya mwisho ni yangu. Ukiifanya kwa dakika kumi vidole vinageuka kijani, halafu karibu vyeusi, na ukinawa kwa sabuni maji yanatoka ya njano. Harufu haitoki kwa sabuni. Nimeshakaa kwenye oditwari nikisikiliza somo la sintaksia huku nikinusa mkono wangu mwenyewe, na jirani yangu akaniuliza kama naumwa.

Mwaka huu miche iliyopona ilikuwa 64. Ilizaa vizuri, lakini haikuwa na haraka. Lubumbashi iko juu, mita 1,200 hivi toka usawa wa bahari, na baridi ya usiku wa mwezi wa sita na wa saba si ya mchezo. Ukavu wa majira hayo unatukinga na ukungu, baridi yake inachelewesha kuiva. Tomate inafikia ukubwa wake wote, inashiba, ngozi inang'aa, halafu inakaa hivyohivyo ya kijani, siku baada ya siku, kama mtu aliyefika mlangoni na hataki kubisha. Inapoanza, haianzii juu. Inaanzia kitakoni, upande wa pili wa kikonyo. Kwanza kijani kinapauka mpaka karibu na weupe. Kisha asubuhi moja unakuta alama ya njano yenye wekundu kidogo, ndogo kama ukucha wa mtoto. Kutoka alama hiyo mpaka wekundu kamili, kwenye mti uliotangulia, zilipita siku kumi na moja. Nilizihesabu.

Siku hizo ndizo zenye matata. Tomate inayotoka ya kwanza ndiyo inayolipa. Wiki mbili tatu baadaye bustani za mabondeni, kule Kafubu na kwenye vijito vyake, zitajaza soko. Makreti ya mbao ya Zambia yataendelea kuingia kupitia Kasumbalesa kama kawaida. Na bei ya beseni itashuka, pengine hadi nusu. Kwa hiyo tunda la kwanza si la kwanza kwa ulimi peke yake, ni la kwanza kwa mfuko. Anayelila anakula pesa, na anazila siku ambayo pesa hizo ni nyingi kuliko siku nyingine yoyote ya msimu. Kamusi niliyosoma haisemi hivyo. Inasema kuonja mavuno mapya, basi, na msomaji anaona picha ya watu wanaocheka karibu na ghala. Mimi ningeongeza maneno mawili matatu kuhusu bei.

Tena tomate ya biashara haihitaji kuiva. Ikishapata ile alama ya kitakoni unaweza kuichuma; itakuwa nyekundu ndani ya beseni, au ndani ya kreti barabarani, na itafika sokoni ikiwa ngumu, bila kupasuka. Rangi inakuja vizuri kabisa. Kisichokuja ni kile ambacho majani yangeendelea kuleta kama ungeliacha tunda kwenye mti, yaani utamu. Ukishakata kikonyo, hesabu ya sukari imefungwa. Ndiyo maana mtu anaweza kununua tomate nzuri ya macho, akaikata, akakuta ndani maji na mbegu tu. Kiswahili kina neno lake kwa hali hiyo, chapwa, na ni neno ambalo ningependa lije kuishi Lubumbashi, maana kazi ya kufanya ingekuwepo.

Mama ana sheria moja aliyoipata kwa mama yake: tomate ya kwanza habauzishake. Kwa Kiswahili cha darasani, nyanya za kwanza haziuzwi. Niliwahi kumuuliza sababu. Alikuwa amechuchumaa kati ya matuta na hakuinua kichwa.

"Utaitia batu kitu yenye hauyaonja?"

Utawaitaje watu waje kununua kitu ambacho wewe mwenyewe hujakionja? Nilitarajia habari za mababu, au baraka, au walau afya. Jibu lake lilikuwa la mtu wa soko.

Alhamisi ya wiki hiyo alikuja mama mmoja anayezunguka pembezoni mwa mji akichukua bustani nzima kwa mkupuo. Alisimama kwenye uwazi wa uzio, akaangalia miti kwa jicho la haraka la mtu anayehesabu, akasalimia nkambo kwanza, kama inavyopasa, ndipo akamgeukia mama.

"Mama, nakuya kuuza tomate."

Msomaji wa Dar es Salaam angedhani mgeni ameleta bidhaa. Kwetu kuuza ni kupata kitu kwa pesa, na kuuzisha ni kukitoa upate pesa. Mtu anaweza kucheka, lakini usababishi unafanya kazi yake ipasavyo: anayeuzisha anamfanya mwenzake auze. Nimeona wageni wa mashariki wakichanganyikiwa vibaya mbele ya mizani kwa sababu ya silabi hiyo moja.

Alitaka kila tunda lililopata alama, na alilitaka leo, kwa pesa taslimu, faranga 30,000 kwa beseni. Kwa jicho lake na la mama yalikuwa mabeseni matano. Zile nyekundu kabisa, alisema, angeziweka juu. Ndizo uso wa beseni; mteja ananunua uso, ya chini atayaona nyumbani. Nyekundu kabisa zilikuwa tatu tu, zote kwenye mti mmoja karibu na ukuta wa jiko, ambapo matofali yanapata jua mchana na kulirudisha jioni.

Mara tano 30,000 ni 150,000. Mimi nilikuwa nimebakiza 135,000 kulipa, na siku ya mwisho ilikuwa Jumatatu. Mama alijua, kwa sababu jioni iliyotangulia nilimweleza, na sote tulikuwa tumekaa kimya kuzunguka bukari kama watu wanaosikiliza redio iliyozimwa. Sasa hakunitazama. Alisogea hadi kwenye ule mti wa ukutani, akaweka mkono juu ya tomate tatu, si kwa nguvu, kama mtu anavyoshika kichwa cha mtoto anapoongea na mtu mwingine.

"Utauza yote. Hizi tatu, hapana."

Mgeni alieleza tena habari ya uso wa beseni, kwa upole, kama anayemweleza mtu asiyejua soko. Mama anajua soko. Mgeni akasema basi, bila uso ni 28,000. Mama akakubali palepale bila kushindana, jambo ambalo si desturi yake hata kwa fungu la lengalenga. Nilifanya hesabu upya: 140,000. Ilitosha. Zilibaki 5,000. Kwa hiyo zile tomate tatu zilitugharimu faranga 10,000, na naiandika tarakimu hiyo hapa kwa sababu nimeona insha nyingi kuhusu chakula cha nyumbani ambazo hazina tarakimu hata moja.

Nilitumwa kuzichuma. Kuna namna. Tomate haivutwi. Kwenye kikonyo, sentimita moja au mbili juu ya tunda, pana kifundo kama kiungo cha kidole; unaweka kidole gumba juu ya kifundo, unalipandisha tunda kidogo, na linaachia lenyewe kwa mlio mdogo, likibaki na nyota yake ya kijani kichwani. Ukivuta, unaondoka na tawi. Ilikuwa saa nne asubuhi. Upande ulioelekea jua tomate ilikuwa ya joto, upande wa ukuta ilikuwa bado na baridi ya usiku, na nilizishika zote tatu kwa mikono miwili nikisikia hali mbili hizo kwa pamoja.

Yaya wangu, anayesoma kilimo, alikuwa tayari na maji. Kwake tunda lisilooshwa halijafika mezani. Wengine wanamcheka, lakini kula kitu cha udongo wako mwenyewe hapa Lubumbashi si jambo la kufurahia tu bila kuuliza. Mji huu umeyeyusha shaba tangu 1911. Mwaka 2009 watafiti wa chuo kikuu chetu pamoja na wenzao wa Leuven walichapisha vipimo vya mkojo wa wakazi wa Katanga, na kobalti iliyokutwa humo ilikuwa nyingi mno, hasa kwa watu wanaoishi karibu na migodi na mitambo ya kuyeyushia. Vumbi linakaa kwenye majani, mizizi inakunywa kilichomo ardhini. Yaya hupenda kurudia kwamba kwa kawaida mboga za majani hubeba madini hayo kuliko matunda, hivyo lengalenga na matembele ndiyo yanayomtia wasiwasi zaidi, na tomate kidogo. Kidogo si sifuri, anaongeza, hawezi kujizuia. Mama humsikiliza mpaka mwisho kila mwaka, na kila mwaka humjibu kwa swali lilelile:

"Na za mu kreti, udongo yake uliuona?"

Yaya hana jibu kwa hilo, na ni kweli kwamba hakuna mwenye jibu. Anazisugua, basi, kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine, hadi zinalia.

Mama alichukua kisu, akaweka moja pembeni, akakata mbili kwa upana, si kutoka kikonyo kwenda kitako, ili vyumba vyote vionekane na kila kipande kipate nyama, ute na mbegu. Chumvi ilikuwa kwenye kifuniko cha chupa. Kipande cha kwanza kilikwenda kwa nkambo, aliyekuwa amekaa kwenye jua akiwa bado na blanketi mabegani. Kabla ya kukitia mdomoni alikiinamisha, tone moja au mawili ya maji yake yakaanguka chini, pasipo neno lolote. Mama ni mtu wa kanisa. Aliangalia pembeni kwa muda uliohitajika, kisha akaendelea kukata.

Nkambo amebakiza meno machache. Alifyonza kwanza, akatafuna kwa upande wa kushoto, akatoa ngozi kwa vidole viwili na kuiweka gotini. Tulimsubiri. Hakuna aliyesema tusubiri.

"Hii iko na mwenyewe," alisema.

Nimejaribu kuiandika sentensi hiyo kwa Kiswahili sanifu na kila mara inaniponyoka. "Ina mwenyewe" inasikika kama mali iliyopotea inayotafuta mwenyewe. "Inajitegemea" ni siasa. Labda alitaka kusema kwamba ladha ile haikuazimwa kwa chumvi wala kwa mafuta. Sikumuuliza, alikuwa ameshaomba kipande cha pili.

Changu nilikila nikiwa nimesimama. Ngozi ilikuwa ngumu kidogo na ikapasuka baadaye kuliko nilivyotarajia. Kilichotangulia si utamu bali uchachu, ule wa ute unaozunguka mbegu, ukapanda hadi puani pamoja na harufu ya majani, harufu ileile ninayokwenda nayo chuoni kwenye vidole. Utamu ulifuata, haukuwa mwingi, ulitoka kwenye nyama ya pembeni na ulikaa. Hapakuwa na ukakasi hata kidogo, ule unaokunja ulimi ukila tomate iliyochumwa mapema. Chumvi ilibaki kwenye midomo. Nilikuwa nimekula tomate mwaka mzima, kila siku karibu, ndani ya mchuzi, na ningeapa kwamba najua ladha yake.

Yule mama wa biashara alikuwa anapanga mabeseni yake karibu na uzio. Mama alimpelekea kipande juu ya kiganja, na chumvi pembeni. Alikataa kidogo, kama adabu inavyotaka, akapokea, akala akiwa ameshika kiuno kwa mkono mwingine. Hakusema kitu kwa muda. Halafu akasema kwamba ameshika tomate kila siku ya Mungu tangu mtoto wake wa kwanza alipoanza shule, na mtoto huyo sasa ana mke. Za kula nyumbani ni zile zinazobaki jioni, zilizopasuka, zilizolainika, na hizo zinapikwa. Nani atakula tomate mbichi iliyolala chini ya miguu ya watu? Aliuliza kama kimebaki kipande kingine. Kilikuwepo. Alipomaliza alipangusa mkono kwenye kitenge, akahesabu 28,000 mara tano, akazitoa zote, bila kuongeza hata faranga moja, na mama hakuonekana kutegemea tofauti. Pikipiki ilikuja kuchukua mabeseni. Yalikuwa na nyuso za njano na kijani, na kwa kweli hayakupendeza.

Jumatatu nililipa. Watu watatu mbele yangu kwenye mstari walikuwa wanazungumza kuhusu mpira.

Tomate ya tatu, ile iliyowekwa pembeni, haikuliwa siku hiyo. Ilikuwa kubwa kuliko zote na imetoka kwenye mti ambao haukuugua tangu mwezi wa tano. Ni Roma, si chotara, kwa hiyo mbegu zake zinazaa kama mama yao. Mama aliiacha dirishani siku nne ilainike, akaikata, akakamulia mbegu na ute wake ndani ya glasi, akaongeza maji kidogo na kufunika kwa kipande cha kitambaa. Nyama iliyobaki iliingia kwenye mchuzi wa samaki wa kukausha. Baada ya siku tatu glasi ilikuwa na povu na harufu ya pombe changa. Aliosha mbegu kwenye kichujio cha chai, zile nyepesi zikaelea na kumwagwa, nzito zikabaki chini. Kisha akaniomba karatasi.

Nilimpa ukurasa wa silabusi ya fonetiki, mtihani wake ukiwa umeshapita. Alizitandaza mbegu kwa ncha ya kisu, moja moja, zisigusane. Mbegu za tomate zikikauka hung'ang'ania karatasi na ukizibandua zinachanika, kwa hiyo yeye hazibandui. Hukata karatasi vipande vidogo na kusia mbegu pamoja na karatasi yake. Nilizihesabu jioni: 87. Zinakaa sasa juu ya kabati, ndani ya bahasha, na mwisho wa mwezi wa tatu konsonanti za kaakaa gumu, pamoja na mchoro wa ulimi, zitaingia ardhini nyuma ya jiko.